Miraba Yangu ya Bweri

Jumatatu, 3 Juni 1985
Nimeamka na wazo. Ukuta wa sebuleni ni udongo mtupu, kijivu, unatia usingizi. Jumamosi Hyasinta anakuja kutoka Bunda na shangazi yake, Mama Nyamburi, kukagua nyumba. Shangazi akiipenda, naoa. Asipoipenda, nabaki na ukuta. Nimeshaona yote kichwani: miraba mikubwa ya rangi, nyekundu, nyeupe, bluu, imepangana mpaka juu. Shangazi anaingia, anakaa, anasahau kuuliza habari za ng'ombe. Nikalala tena ili niione vizuri.

Jumanne, 4 Juni
Hapa Bweri, na Musoma nzima, hakuna rangi. Hata sabuni hakuna. Jirani yangu Stanislausi anayo! Kopo zima la kijani, shemeji yake kalipitisha kwa magendo mpakani Sirari. Kapaka mlango. Kila nikipita anaufungua na kuufunga bila sababu. Nilimwomba kidogo. Akasema imekauka. Brashi yake ilikuwa inanidondoshea kijani kwenye kiatu. Haya. Nitatengeneza yangu.

Jumatano, 5 Juni
Nyekundu: udongo wa kichuguu. Nyeupe: majivu yaliyochekechwa. Bluu: bluu ya kufulia, niliyobadilishana na kipande changu cha mwisho cha sabuni. Nitanuka, lakini ndani ya nyumba nzuri. Gundi: uji mzito wa muhogo. Mende wasije wakaula, nikatia chumvi. Chumvi nyingi! Akili hii sijui niliitoa wapi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemaliza. Jioni mwanga wa ziwani uliingia dirishani ukatulia juu ya bluu. Nikakaa sakafuni. Nilimwona Hyasinta pale pale, anachambua dagaa, ananiuliza kama nimeshiba. Nikamjibu kwa sauti. Stanislausi akachungulia, akauliza naongea na nani. Nikamwambia na mke wangu. Nilikuwa na furaha kweli.

Ijumaa, 7 Juni
Mbuzi wa wageni kafika. Kwa kina Hyasinta mgeni huonyeshwa mbuzi akiwa hai ndipo achinjwe. Nje kuna fisi, kwa hiyo nimemfunga sebuleni, kamba ndefu, apumzike. Anautazama ukuta bila kupepesa. Hatimaye mtu anayeelewa.

Jumamosi, 8 Juni
Mungu wangu! Mbuzi kalamba ukuta! Imebaki miraba ya juu tu. Wageni wakabisha hodi nikiwa bado nimeshika kichwa. Shangazi hata ukuta hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi, akampanua mdomo aone meno, kama wanavyofanya kwao. Ulimi bluu. Fizi bluu. Akaruka nyuma.
"Huyu mbuzi umekuwa ukimlishaga nini?"
Nikasema, ukuta.
Akasema anayelisha mbuzi ukuta, sijui mtoto wa kaka yake atamlisha nini. Hakula, hakunywa. Alisema labda atarudi pamba ikishauzwa. Hyasinta alicheka mpaka machozi, kisha akamfuata shangazi yake stendi. Moyo uliniuma sana.

Jumapili, 9 Juni
Kabla ya kuondoka Hyasinta alininong'oneza kwamba shangazi angeridhika na udongo mtupu, mradi mbuzi awe mzima. Maskini, anaona aibu kuomba rangi. Nimemsimamisha mbuzi kwa miguu ya nyuma, nikaweka alama anapoishia. Safari hii naanzia juu ya alama. Na uji nimeachana nao kabisa, nitatumia maziwa. Paka wa Stanislausi amekuja kukaa mlangoni. Ananitazama kwa upendo.