Sukari Imeshuka

Siku Mafuta alipoona riziki, alikuwa ameketi kwenye banda la chai mkabala na kliniki, akikoroga chai yenye sukari nyingi hata kijiko kilikuwa kinasita kutoka. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na watu aliowauzia vitu, maana ukimshika anateleza, na maneno yake yanashuka kooni bila kutafunwa.

Meza ya pili walikaa mke na mume waliotoka kupimwa. Wote wawili walikuwa na kisukari, na walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini, ile inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mke alikuwa fundi cherehani, mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Sukari yake ikipanda, macho yaliingia ukungu, na siku hizo uzi ulipita kila mahali isipokuwa kwenye tundu la sindano. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu cherehani ndiyo iliyolisha nyumba. Mumewe alikuwa amestaafu ulinzi na kuajiriwa na kiti.

Daktari alikuwa amewaambia wameze vidonge kila siku, watembee kila siku, na wapunguze vitamu. Wao wakagawana maagizo kama watu wanaogawana mkate. Mzee alichukua vidonge, akisema vimetengenezwa ili binadamu apate kukaa. Mama Sindano alisema vidonge vinamvuruga tumbo, yeye atatembea, basi.

Wengine walisikia ugomvi wa wanandoa. Mafuta alisikia maduka mawili yakifunguliwa.

Kesho yake alibisha hodi kwao amevaa koti jeupe lililowahi kuwa la kinyozi. Mafuta alimtolea mzee chupa. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, kwamba wanariadha wamekimbia, jasho lao limechujwa mara kadhaa, mpaka umebaki mwendo mtupu.

"Haya ndiyo maji ya kutembea, baba. Ukinywa glasi, mwili unadhani umekwenda sokoni na kurudi."

Mzee aliuliza kama yapo ya kupanda mlima.

"Yapo. Ila na bei yake inapanda."

Mama Sindano alitolewa viatu vyenye harufu ya dawa ya mbu. Dawa, aliambiwa, imo ndani ya soli, kila hatua inapanda kwenye damu. Vidonge aviweke kando kwanza, visije vikagombana na soli njiani. Kwa ajili ya historia tuseme tu kwamba maji yalitoka kwenye bomba nyuma ya gereji, na kiatu cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko mwenzake.

Basi mzee akawa anameza vidonge, anakunywa mwendo wake, na kwa kuwa ameshatembea sana, anajizawadia keki. Mama Sindano akawa anatembea asubuhi na jioni, kiatu kimoja kikipiga makofi, bila kidonge hata cha kuonja.

Mambo yaliharibika siku bwana harusi alipokuja kuchukua suruali. Aliingiza mguu, ukagota. Akaingiza wa pili, ukagota. Miguu yote miwili ilikuwa imeshonwa chini kama mifuko ya unga. Wasindikizaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Sindano aliomba radhi, akaingia chumbani, akalia kimya, maana alijua macho yakienda, cherehani inafuata.

Walirudi kliniki. Muuguzi aliwapima, sukari ya kila mmoja ikawa juu, akawahoji mmoja mmoja. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee anameza, hatembei. Mama anatembea, hamezi. Mkijumlishwa nyinyi ni mgonjwa mmoja anayejitunza vizuri sana."

Alipomaliza kucheka alisema ya maana. Wapo wanaotosheka na miguu na sahani yenye adabu, lakini hilo hutamkwa na aliyepima damu yako, si na muuza viatu. Kidonge kikivuruga tumbo, njoo useme, kipo cha kufanya. Wao wawili walihitaji vyote.

Wakatii. Mzee aling'oka kitini kwa manung'uniko, kama jino. Ukungu wa Mama Sindano ulipungua taratibu, na siku uzi ulipopita tunduni mara ya kwanza, aliuchomoa akaupitisha tena, kuikomoa tu sindano. Halafu akamkumbuka Mafuta.

Alimkuta dukani. Mafuta alikuwa ameshageuza mguu wa kukimbilia, lakini mama alimsalimia kwa upole wa kutisha.

"Mwanangu, sukari imeshuka. Imeshuka vibaya, mtaa mzima unashangilia."

Mafuta aliurudisha mguu. Naye alikuwa na siri. Miezi mingi alikuwa na kiu isiyokatika, na kwenda chooni mpaka majirani walihisi amezika kitu humo. Kupimwa aliogopa. Sasa akafanya jambo ambalo mwongo mwenye akili hafanyi: alijiamini. Akaenda kwake akanywa maji yote ya kutembea yaliyobaki, akalala na viatu vya dawa miguuni, kisha akaenda kliniki kifua mbele. Muuguzi alitazama kipimo, akamtazama yeye, akamvutia kiti kwanza.

Alifika kwa Mama Sindano amekauka, bila tone la mafuta.

"Mama, ulisema sukari imeshuka."

"Imeshuka. Dukani. Kamuulize muuza duka bei."

"Mimi nilidhani..."

"Na mimi nilidhani soli ina dawa. Tumelingana, mwanangu. Vua koti."

Vidonge angepewa kliniki. Mwendo angepewa hapo. Kila asubuhi furushi la nguo zilizoshonwa lingemsubiri, na wateja walikuwa wametapakaa mji mzima. Koti jeupe likawa ndilo mfuko wa kubebea. Alipouliza malipo, mama hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

"Unalipwa mwendo. Si wewe uliyekuwa unauuza kwa chupa?"

Mafuta alitembea na viatu vyake vya dawa, kimoja kikipiga makofi, mzee akimfuata nyuma kama msimamizi, maana ulinzi ulikuwa haujamtoka. Muda ukapita, kiu ikakatika, suruali zikaanza kumdondoka, na Mama Sindano akazipunguza bure kwa moyo mkunjufu. Watu wa banda la chai walipomwona amenyooka hivyo, walimzunguka atoe siri.

Mafuta, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alisema ukweli. Ni vidonge, alisema, na kutembea, na chai bila sukari. Hakuna kingine.

Walitazamana. Mwenye banda akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba wengine wamekwenda, sasa aseme kweli, ile chupa iko wapi. Mafuta aliapa hana. Akajitwika furushi lake, akaondoka akipiga makofi kwa kiatu.

"Anayo," alisema mwenye banda, akimsindikiza kwa macho. "Siku hizi amekuwa mchoyo tu."