Sweta Niliyoifumia Kompyuta ya Wanjiru

"Ni mimi."

Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka leo saa tano na nusu asubuhi, nimesimama katikati ya nyumba ya Wanjiru kule Kawangware kama mwizi wa kuku. Mbele yangu fundi ameinua juu kitambaa cha maua ya zambarau. Mlangoni wamejaa wanawake wa ploti, majirani zake. Na kwenye skrini kuna wazungu watatu, wale waliokuwa wanaamua maisha ya Wanjiru, wananyoosha shingo ili waone vizuri. Fundi ameuliza swali moja tu: nani alifuma hiki kitu?

Nimeaibika, wenzangu. Mwenye chai aiweke chini kwanza, nianze mwanzo.

Kwenye grupu hili letu la Sarang'ombe, Kibera, mnanijua kama Mama Akinyi wa kompyuta. Shule niliachia darasa la tano. Kompyuta nilisomea kwa ufagio. Miaka minane nilifagia cyber moja, duka la intaneti, hapa Kibera, na ukifagia chini ya meza za watu unasikia mengi. Nilitoka na dawa moja: zima, hesabu mpaka ishirini, washa. (Kuna madaktari wana dawa kumi na bado wanazika.) Kwa dawa hiyo nimetibu mashine za ukoo na za kanisa, hata ya shemeji yangu Odhis, ambaye nitamfikia.

Sasa Wanjiru. Mwaka ule nyumba zetu ziliungua, nilitoka na sufuria moja na leso niliyojifunga. Nikampigia Odhis, ndugu ya marehemu mume wangu, mtu wa vyumba vitatu. Simu ikazimwa. Ikabaki imezimwa mpaka moshi ukaisha Kibera yote. Wanjiru tulijuana tu kwa kufua nguo za watu, na ana chumba kimoja huko Kongo, ile ya Kawangware. Alinifungulia mlango, akasogea upande wa ukuta, akanipa nusu ya kitanda. Miezi mitano. Hakuwahi kuniuliza natoka lini. Mtu wa namna hiyo unamlipa na nini?

Mimi nilimlipa kwa kufuma.

Hapo ndipo anaingia Mama Zippy, mwalimu wa kikundi chetu cha kufuma vitambaa. Mama Zippy ana msemo wake: kitu kisicho na kitambaa ni kitu kisicho na mwenyewe. Kiti kina kitambaa, televisheni ina kitambaa, thermos ina kitambaa. Wanjiru alipopewa laptop kuukuu na tajiri wake wa zamani, nilijua la kufanya. Nilienda nikaipima kwa futi, juu na chini. Sikufuma cha kufunika tu. Nilifuma gauni kamili, uzi mzito wa sufu, na vifungo vinne chini ya tumbo. Pakabaki wazi skrini na herufi peke yake. Vumbi la Kongo lingepitia wapi?

Wanjiru alilia alipoliona. Hata mimi nililia kidogo.

Wiki haijaisha, mashine ikaanza ugonjwa. Unaiwasha vizuri, inakaa dakika kumi, inazima yenyewe. Wanjiru akanipigia. Nikampa dawa: zima, hesabu ishirini, washa. Ikaamka. Dakika kumi, ikalala.

Nilianza kutafuta mwenye makosa, na mimi nikitafuta huwa napata. Wa kwanza alikuwa Omosh, kareteka anayesimamia ploti ya Wanjiru. Nikamwambia anachezea stima mchana. Omosh akaapa kwamba hajagusa swichi. Nikamwambia hata shetani huapa. Wa pili alikuwa Njoro, fundi wa simu aliye na kibanda pale kwa geti, ambaye alimuuzia Wanjiru charger. Huyo nilimweka kwenye status ya WhatsApp, na picha yake nikaweka: "Huyu anaua kompyuta za wajane kwa charger feki. Mjihadhari." Mlicheka wengi, naona sasa mmenyamaza.

Leo ilikuwa siku ya Wanjiru. Alisomea kutunza wazee, akapata cheti, na kuna nyumba ya wazee ng'ambo iliyotaka kumsaili kwa video saa tano kamili. Ana miaka arobaini na nane. Aliniambia, "Mama Akinyi, hii ikipita sitapata ingine. Kuja uikalie hiyo mashine."

Nilifika saa tatu. Jana yake nilikuwa nimemwambia afue lile gauni na aliweke wanga, liwe limesimama, wageni waone usafi. Alikuwa amelifua. Tulilivalisha mashine pamoja, kifungo kwa kifungo. (Nikikumbuka hapo natamani ardhi inimeze.)

Saa tano wakatokea kwenye skrini. Mama mmoja mwenye miwani, mwanamume mmoja, na msichana wa kuandika. Kiingereza cha Wanjiru kilitoka kimepigwa pasi. Mimi nimejibanza kando ya kabati nisionekane, naomba kwa Kijaluo.

Dakika ya kumi mashine ikanguruma kama posho mill ya kusaga unga, ikazima.

"Mama Akinyi," Wanjiru akasema polepole, bila kugeuka.

Nikazima iliyokuwa imezima, nikahesabu ishirini, nikawasha. Wakarudi. Wanjiru akawaomba msamaha. Dakika nne, giza tena. Safari hii alinigeukia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilikimbia mpaka kwa geti.

"Njoro, sasa," nikamsalimia.

"Sasa," akajibu bila kuinua kichwa. "Muuaji ako job."

"Nakuomba twende kwa Wanjiru. Yuko kwa interview na mashine imekufa."

"Na ile picha yangu?"

"Nitaitoa."

"Itoe tukitembea."

Nikaitoa tukitembea. Wanawake wa ploti waliokuwa wakifua wakaona tunavyokwenda mbio, wakatufuata. Omosh pia.

Njoro aliweka kiganja juu ya ile mashine, akakitoa haraka. "Hii inachemka kushinda sufuria ya githeri. Mathee, kwa nini mmeivalisha sweta?"

"Ni ya vumbi," nikasema.

"Na inapumulia wapi?"

Sikuwa najua kompyuta hupumua. Miaka minane ya ufagio na hakuna aliyenieleza. Njoro alifungua vifungo vyangu vinne, akaipindua mashine. Yale matundu ya chini yalikuwa yameziba kwa manyoya ya zambarau. Akashika uzi mmoja kwa kucha, akavuta, ukatoka mrefu kama mkia wa panya. Akapuliza. Akaipepea na sahani. Kisha akaomba vikombe viwili, akavipindua mezani, akailaza mashine juu yake ili hewa ipite chini. Akawasha.

Wanjiru akabonyeza ile linki, na nyuso zikarudi. Njoro alikuwa ameipa skrini mgongo, hakuona. Akainua gauni langu juu mbele ya kila mtu. "Nani alifuma hiki kitu?"

Wanjiru aliangalia dari. Alikuwa anajua, na kidole kimoja tu kingetosha kunimaliza. Hakukinyoosha.

"Ni mimi," nikasema.

Omosh alicheka mpaka akashikilia mlango. Ni haki yake. Mama wa miwani akauliza kitu. Kiingereza changu ni cha cyber, lakini jibu la Wanjiru nililielewa lote: huyu ni dada yangu, ndiye hunitunzia kompyuta. Mimi ni Mjaluo wa ziwa, yeye ni Mkikuyu wa mlima, na sikumsikia akisita hata kidogo.

Yule mama akaomba nilete kitambaa karibu na kamera. Nikakipeleka, vifungo vikining'inia. Akacheka, si vibaya, akasema wazee wao huko pia hufuma na vidole vyao vinachelewa kuliko vyangu. Halafu wakaendelea na Wanjiru dakika arobaini, mashine imelala baridi juu ya vikombe. Mwisho wakamwambia alete pasipoti na karatasi za daktari. Amepita. Wanjiru alinishika shingo, akalia begani mwangu, na mimi bado nimeshika sweta.

Tukanywa chai na Njoro na Omosh. Niliwaomba msamaha pale, na nawaomba tena hapa, kwa sababu Njoro nilimtukana mbele yenu. Njoro akapuliza kikombe chake akaniuliza, "Mathee, umefumia zingine ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Ya pasta. Ya katibu wa chama. Ya binamu yangu Atieno. Ya Odhis. Mniangalie vizuri: hao ndio wagonjwa wangu wote. Mashine zote huzima zenyewe, zote mimi ndiye daktari wao, na zile ishirini nilizokuwa nahesabu zilikuwa za kuzipa muda wa kupoa tu.

Katibu na Atieno, vueni leo. Ya Odhis mwiache ivae.

Na wewe, Mama Zippy, usijifiche, naona umeshasoma. Ulituambia kisicho na kitambaa hakina mwenyewe. Uliniona nikirudi na vipimo vya kompyuta, ukanishikia uzi, ukasema niongeze vifungo. Jumapili mtu lazima aingie ofisini kwa pasta, aivue mashine yake nguo, na amweleze ni kwa nini mahubiri yake yalikuwa yanapotea kila mashine ikizima. Ni mimi au ni wewe? Jibu hapa hapa, mbele ya watu.