Kikohozi cha Kiranja

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa cheo! Kiranja wa darasa la useremala. Wenye wivu watasema ni kwa sababu leo niliiga mlio wa msumeno wa umeme mpaka mwalimu wetu, Bi Futi, akakimbilia karakana kwenda kuuzima. Aliporudi akasema kelele zote za darasa zinaanzia mdomoni mwangu, basi na ziishie hapohapo. Alhamisi mkuu wa chuo anakuja kukaa nyuma atutazame. Akikuta vurugu, darasa anapewa mwalimu tunayemwita Mzee Nje. Huyo hafundishi, anatoa watu nje tu, na wa kwanza nitakuwa mimi. Nitamwambia nini shangazi? Ndiye aliyenibembelezea nafasi hii. Shule sikuimaliza (wala yenyewe haikunimaliza), mlango mwingine sina.

Jumanne, 5 Machi

Nimepaza sauti: kimya! Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Msumeno kwa jinsi anavyocheka, naye akapaza: kimya! Darasa zima likaitikia. Sijapata kusikia kimya chenye kelele namna ile. Bi Futi akaweka chaki chini, akakaa. Akasema polepole kwamba kazi hii anaipenda, ila siku nyingine hajui kwa nini. Nikajiona ubao ulioliwa na mchwa.

Mapumziko nikawapa mpango. Nikikohoa, wote kimya. Ishara ya siri, kama wakubwa. Wakakubali, hakuna anayemtaka Mzee Nje. Msumeno akauliza, je, kiranja akiugua? Nikamwambia mafua yenyewe yananiogopa.

Jumatano, 6 Machi

Mpango unafanya kazi! Nilikohoa, feni ikasikika. Bi Futi alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui ni cha nani.

Mchana tulikuwa karakana kupiga msasa. Wote wamefunika pua kwa vitambaa. Mimi hapana. Kiongozi hafichi uso. Nimesugua meza mpaka Msumeno hanioni kwa vumbi.

Jioni koo linawasha. Shangazi ameuliza kile kitambaa alichonishonea ni cha kufunika pua ya paka?

Alhamisi, 7 Machi

Aibu!

Mkuu wa chuo yuko nyuma, kakunja mikono. Bi Futi anauliza droo inaungwaje kwenye kona. Msumeno anasimama, anafungua mdomo. Nakohoa. Anakaa. Dada wa dirishani ananyoosha mkono. Nakohoa. Mkono unashuka. Nikabana pumzi mpaka machozi, halafu kikalipuka chote kwa mpigo. Darasa limeganda kama picha ya ukutani. Mkuu akamuuliza Bi Futi hawa ni wanafunzi au ni samani.

Shangazi, ninarudi, nikasema moyoni. Nikasimama.

“Mwalimu, kosa ni kikohozi changu. Niliwaambia nikikohoa wanyamaze. Majibu wanayo.”

Nikatoka nje mwenyewe, nisimpe Mzee Nje raha hiyo.

Nikiwa chini ya dirisha nikawasikia. Alianza mmoja, wakawa wote, wakibishana juu ya ile droo kama ni ya mama zao. Msumeno akacheka. Na mkuu akacheka!

Baadaye Bi Futi akanifuata na chupa yake ya maji ya moto. Akasema mkuu ameupenda ule ubishi, na yeye Bi Futi anabaki na darasa lake. Akanimiminia kwenye kifuniko.

“Kunywa, mwanangu. Mimi sikutaka wanyamaze. Nilitaka wasikilizane.”

Nikanywa. Nikataka kusema kitu kizuri, nikakohoa. Mle ndani wote wakanyamaza. Bi Futi akacheka mpaka akashika ukuta.

Ijumaa, 8 Machi

Koo limetulia. Maneno ya Bi Futi nimeyatafakari usiku kucha, nikayaelewa kuliko alivyoyaelewa mwenyewe. Darasa lizungumze! Kwa hiyo nimetangaza sheria mpya: nikipiga chafya, wote wajibu.

Msumeno ameuliza kama mchana huu kwenye msasa nitafunika pua.

Huyu naye haelewi kitu. Kiongozi hafichi uso.