Injini Katika Sufuria Tatu

Jumapili, 1 Julai 1956. Mbeya.

Baridi kali. Vidole havishiki spana. Hata hivyo leo ni siku kubwa: injini yote nimeifungua! Hakuna kipande kilichobaki kimeshikana na mwenzake. Pistoni nne zimo katika sufuria ya wali. Valvu katika sufuria ya mchuzi. Kabureta katika sufuria ya maziwa. Nati na bolti nimezifunga kwenye pembe za kanga za mke wangu, Rukia. Kanga nyekundu, nati za juu ya injini. Kanga ya njano, za chini. Utaratibu wangu mwenyewe. Mimi ni karani wa ghala la pareto, mpangilio ndiyo kazi yangu.

Motokaa nilibadilishana na mzungu mmoja aliyechoka kuchimba dhahabu Makongolosi. Yeye alichukua baiskeli yangu na saa ya ukutani. Motokaa ikaja ikivutwa na ng'ombe sita. Watu walicheka. Wacheke tu. Watanipisha njia hao hao.

Rukia ana mimba ya kwanza, na mwezi ndio huu. Desturi ya kwao na ya kwetu ni moja: mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Mama mkwe, Bi Mwanakhamisi, yuko Iringa, chumba ameshakifagia. Basi la Iringa huondoka kila Alhamisi. Rukia anataka kupanda la wiki hii. Nimekataa katakata. Mke wangu abanane na magunia na kuku, na mumewe ana motokaa? Nitampeleka mwenyewe. Nimeshamwandikia mama mkwe hivyo, tena kwa wino mwekundu.

Jirani yetu Edmund alichungulia uani. Ni fundi wa magari ya serikali, mtu wa Iringa, kwa hiyo yeye humwita Rukia dada na mimi shemeji. Akasema nikimpa Jumapili mbili atanifungia injini bure. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba kazi hii yataka akili. Akarudi zake kwao. Najuta kidogo. Kidogo sana.

Jumatano, 4 Julai

Balaa! Nimerudi kutoka kazini, nikakuta kanga zote zimefuliwa, zimekunjwa, zimo sandukuni. Rukia anafungasha. Nati na bolti? Amezikusanya zote katika kapu moja. Amezisugua kwa majivu, zinang'aa. Mia na ushei, zimechanganyika kama kunde na choroko.

Nilipiga kelele. Nilimwambia mwanamke mwenye mimba, aliyeinamia karai mchana kutwa, kwamba ameniharibia maisha. Akauliza taratibu, njiani nilitaka avae nini? Nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka haya inipungue. Haikupungua. Baridi ndiyo iliyozidi.

Nilipotoka akaniomba kesho apande basi. Nikamwambia asubiri siku nne tu. Akakubali, akafunga sanduku lake. Ananiamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 6 Julai

Niandike yote, maana hakuna ninayeweza kumwambia.

Juzi Othmani, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye lori lake, aliniuliza mbele za watu kama ile motokaa nafugia kuku. Hilo lilininyima usingizi. Nikawaza: nyumba yetu iko juu, msikiti uko chini, barabara ni mteremko mtupu. Motokaa ina magurudumu na usukani. Injini ya nini?

Leo wachukuzi wawili wa ghalani waliisukuma mpaka juu ya mteremko. Mimi ndani, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa. Sala ya Ijumaa ikaisha, watu wakatoka, nikashuka! Kasi! Kofia nilishika kwa mkono mmoja, mwingine nikapungia wazee, usukani nikaubana kwa magoti. Injini yenyewe iko jikoni, ndani ya sufuria. Othmani alikimbia kando yangu akihema, akiuliza mbona haina sauti. Nikamjibu kwamba injini iliyofungwa na mtu mwenye akili haipigi kelele.

Hakuna aliyeuliza itapandaje. Iliposimama yenyewe kwenye maduka, nikasema naiacha hapo watu waitazame. Nikarudi kwa miguu, eti nanyoosha viungo.

Furaha yangu haikufika mlangoni. Rukia alishasikia kwa wanawake wenzake. Alikuwa analia kwa furaha. Alishamwendea Othmani, ambaye kesho anakwenda Iringa na lori, amwambie mama yake kwamba tunafika Jumapili. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mdomo nilikwisha kuufungua. Nikautia wali.

Jumapili, 8 Julai

Jana ng'ombe waliivuta motokaa hadi nyumbani. Nimewaambia watu naipumzisha.

Leo nimefunga injini tangu asubuhi. Zimebaki nati kumi na moja, na chuma kirefu nisichokijua. Nadhani ni vya akiba. Kilichokosekana ni mafuta ya injini, na maduka yamefungwa. Nikamkumbuka marehemu baba, kule Kilwa. Yeye alilainisha kila kitu kwa samli: bawaba, cherehani, hata gobori. Juu ya kabati palikuwa na kibuyu cha samli. Nikaiyeyusha, nikaimimina yote. Nikazungusha hendeli. Laini! Haikuwaka, lakini laini!

Rukia alivaa buibui tangu saa moja asubuhi, akaketi juu ya sanduku. Jioni nikamwambia Jumapili si siku njema ya safari. Akauliza nani kasema. Nikasema Sheikh. Astaghafirullahi! Nimemsingizia Sheikh, naye ndiye aliyetuozesha.

Jumatatu, 9 Julai

Hendeli haizunguki. Nimeivuta. Nimeikanyaga. Nimening'inia. Wapi! Samli yote imeganda ndani. Kilwa samli haigandi. Lakini huku mwezi wa Julai hata maji ya ndoo asubuhi yanauma meno. Nimekaa Mbeya miaka sita na sikuliwaza hilo.

Kisha Rukia akaulizia kibuyu. Kumbe ni samli aliyotumiwa na mama yake, ya kutilia uji wake akishajifungua. Nikamwonyesha injini kwa kidole. Alikaa chini polepole, mkono kiunoni.

Edmund alikuwa kwenye ukuta wa ua, ameona yote. Hakucheka. Laiti angecheka ningepata pa kukasirikia. Akasema kwa upole, shemeji, Alhamisi mpandishe dada yangu basi. Nikasema ndiyo. Alipoondoka tu nikasogeza jiko la mkaa chini ya injini. Samli imeyeyuka. Nyaya nazo zimeyeyuka.

Jumatano, 11 Julai

Tiketi nilikata asubuhi na mapema, ya basi la kesho. Nikarudi nayo mkononi, nimeinyanyua juu ili Rukia aione tangu mbali. Nikamkuta ameshika mwimo wa mlango. Uchungu umeanza.

Nikamkimbilia Tusekile, mkunga wa mtaa wetu. Akaja, akanitoa ndani kama anavyofukuza mbuzi. Nikakaa uani. Kila uchungu ulipomjia, Rukia alimwita mama yake. Hakuniita mimi. Alimwita mama. Na mama yuko Iringa, amekaa barazani, anaangalia njia kwa ajili ya barua yangu ya wino mwekundu. Niliziba masikio kwa viganja vinavyonuka samli. Uani sikuwa na mtu wa kunitazama, na bado sikujua uso niuweke wapi.

Saa tisa mtoto akalia. Wa kike. Wote wazima, Alhamdulillahi. Tusekile akatoa kichwa dirishani, akaomba samli ya uji. Nikatazama chini. Apolonia, mke wa Edmund, akaenda kwao akaleta yake.

Ijumaa, 13 Julai

Mama mkwe amefika! Na lori la Othmani, juu ya magunia ya vitunguu, mwavuli mkononi.

Othmani ndiye aliyenisimulia, kwa furaha, hakuacha hata punje. Jumapili mama mkwe alipika pilau, akawaita majirani waje kuiona motokaa ya mkwewe. Haikuja. Wakala, wakaenda. Jumatatu akapika tena, akawaita tena. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano walikuja wawili. Jana akapika, hakuja mtu. Ndipo akafunga mlango, akaenda kumtafuta mwenye lori.

Nilimwamkia shikamoo nimeinama mpaka kofia ikaanguka. Akaitikia marahaba. Akauliza mtoto yuko wapi. Motokaa ilikuwa mbele ya pua yake na hakuiulizia.

Basi nikasema. Yote! Mteremko, Sheikh, samli, jiko la mkaa. Othmani alikuwa kasimama pale pale, kwa hiyo sasa mji mzima unajua. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, mwanangu, shukuru mjukuu wangu hakuingoja motokaa yako, angezaliwa na ndevu. Rukia akacheka kule ndani. Sijamsikia akicheka tangu Ijumaa iliyopita. Mimi nikalia, tena mbele ya Othmani.

Nimeapa sitagusa spana tena. Edmund ameikagua injini, akasema hii si injini tena, ni chuma. Ezekia mhunzi ameichukua akafulie majembe. Mtoto amepewa jina la bibi yake. Sikuulizwa, na sikustahili kuulizwa.

Jumatatu, 20 Agosti

Arobaini ya mzazi imetimia. Rukia ametoka nje, kapendeza. Mama mkwe amekaa nasi siku zote hizi, na hajanitamkia neno baya hata moja. Nimekonda.

Alhamisi wanakwenda Iringa wote watatu, mtoto akaonwe na jamaa. Kwa basi, wamesema.

Mimi nimebadilika, wallahi. Nimekaa na kosa langu siku arobaini nikilipima, na sasa nalijua. Pistoni nne! Nani awezaye pistoni nne? Sasa Liberatus, katekista wa misheni, ana pikipiki yenye kigari cha pembeni. Imelala tangu mwaka juzi, ila ina kijitatizo tu. Na pistoni yake ni moja. Maana yake shida itakuwa robo ya ile ya kwanza. Nimempa kabati letu, amenipa pikipiki. Leo ni Jumatatu, Alhamisi iko mbali.

Hesabu ya viti nimeshaifanya. Rukia na mtoto, kigarini. Mama mkwe nyuma yangu, anishike kiuno. Nimemweleza hayo jioni hii alipokuwa akinywa kahawa, nikamwambia asihangaike kukata tiketi. Ameweka kikombe chini. Ameinua viganja, ameanza kuomba dua. Bila shaka ni furaha.