Mto Niliouhamisha kwa Chaki

Jumatatu, 4 Machi
Mkutano wa mpango wa bonde letu. Watu wa mlimani, wa katikati na wa chini tumebanana darasani, jasho tupu. Mwenyekiti ni shangazi yangu. Anataka tupange pamoja maji na ardhi bila kupigana ngumi. Halafu akalipua bomu: aliyelima ukingoni mwa mto ang'oe, ipandwe miti. Kabichi zangu! Ziko ukingoni kabisa, karibu zinanawa miguu. Na zimeanza kufunga. Sing'oi hata jani!

Jumanne, 5 Machi
Akili ninayo, shule ndiyo iliniogopa. Ramani inachorwa sakafuni kwa chaki. Nikajitolea. Kwato, jirani yetu mfugaji, akadakia kwamba mimi hata jina langu naliandika kwa kubahatisha. Nikamjibu kwamba ng'ombe wake wanamzidi adabu. Watu hoi! Chaki nikapewa. Nilipofika kwenye kabichi, mto nikaukunja kidogo, upite mbali nazo. Sawa, si kidogo. Shangazi akauliza kama nina hakika. Nikaapa. Kwato akatazama ile kona, akakohoa, akanyamaza. Nimemziba mdomo!

Jumatano, 6 Machi
Situlii. Nimekwenda kuziangalia asubuhi, mchana, jioni. Mama kauliza mahari ya kabichi itatolewa lini.

Alhamisi, 7 Machi
Leo zamu ya ng'ombe. Wanakanyaga mto, maji yanawafikia watu wa chini kama chai ya maziwa. Tukakubaliana: lijengwe hodhi la kunyweshea, mbali na ukingo, penye ardhi kavu. Kwato akainuka taratibu, akaweka kidole cha mguu kwenye ramani, juu ya kabichi zangu. Kasema ni hapa hapa, mchoraji mwenyewe kaapa ni pakavu. Kura ikapigwa, mikono yote juu! Nikasema hapo pana majimaji. Shangazi akauliza yametoka wapi, na mto uko kule.

Ijumaa, 8 Machi
Kwato kaleta ng'ombe wapazoee. Wamepazoea. Kabichi zimebaki mashina.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi kaja kupima pa kuweka hodhi. Kiatu kikazama mtoni. Akanishika sikio. Ramani inafutwa, sasa kila kona inakaguliwa kwa miguu. Hodhi limehamishiwa kwingine. Penye kabichi napanda miti mimi mwenyewe, Kwato akisimamia na kuchekelea.

Jumapili, 10 Machi
Shangazi kauliza kama nimejirekebisha. Nimeinamisha kichwa, nimesema ndiyo shangazi, kabisa. Miche imekaa vizuri. Ila kati ya mche na mche pana nafasi ya bure! Nimetia bamia. Kwa mbali, bamia na mche nani atatofautisha?