Uzamili Kwanza, Udaktari Baadaye

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, ambaye yuko njiani. Mheshimiwa Makamu wake, aliyetakiwa kumwakilisha lakini naye ametuma mwakilishi. Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi, karibu, vuta kiti. Wakuu wa idara zote, pamoja na wakuu wa idara zinazotarajiwa. Wahadhiri wa falsafa, yaani mzee wetu mstaafu peke yake, simama uonekane, haya, inatosha. Wahitimu watarajiwa wanane. Wazazi, walezi, mashangazi na majirani mliojileta wenyewe: nawasalimu nyote kwa niaba yangu mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Masomo ya Juu. (Makofi. Projekta inazimika.)

Ndugu zangu, wapo vijana wenye pupa wanaouliza kwa nini mtu asiruke tu kutoka shahada ya kwanza mpaka udaktari, nami huwajibu, kwa ule utulivu ambao wengi wamenisifia, kwamba hakuna aliyevaa viatu kwanza halafu soksi. Uzamili wa falsafa, tukiutazama kistratejia, ndiyo soksi yenyewe (kicheko kimoja, cha katibu muhtasi wangu), na ndiyo maana ofisi yangu, katika mchakato shirikishi wa kujenga uwezo, imefanya vikao arobaini na kimoja, warsha sita, na semina elekezi moja iliyoahirishwa mara nne, ambamo tulijadili kwa kina endapo mlango wa darasa ufunguke kwa ndani au kwa nje. Takwimu hazidanganyi. Tulilenga wanafunzi saba, tukapata wanane, huo ni ufanisi wa asilimia mia moja na kumi na nne, na kwa miaka mitatu hajafeli hata mmoja. (Mzee mstaafu: "Wala hakuna aliyepewa matokeo.") Ahsante, mzee wangu, kwa fidibaki hiyo.

Wewe binti mwenye bahasha, naona umenyoosha mkono tangu nilipoanza kutaja waheshimiwa. Sema, mwanangu, ila kwa kifupi, mwenye hotuba ni mimi. (Binti anasimama: "Shikamoo, Mkurugenzi. Chuo kilichonikubali kwa udaktari kinataka cheti cha uzamili kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Leo ni Jumatano. Tasnifu nilishaitetea mwaka jana, mzee ana nakala. Naomba cheti tu, basi.") Marahaba. Ombi lako limepokelewa, na litafanyiwa kazi na kamati ndogo itakayoteuliwa na kamati kubwa pindi nayo itakapoteuliwa. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. (Mama yake, fundi cherehani, kutoka safu ya nyuma: "Hizo mbivu tumezingoja mpaka zimeoza, baba! Mtoto kaacha kazi ya ualimu kwa ajili yenu! Toeni hicho cheti!" Makofi marefu kuliko yote.) Nashukuru kwa makofi hayo, ingawa sentensi nilikuwa sijaimaliza.

Nikihitimisha, na hili ni hitimisho la awali, niseme kwamba mimi si mtu wa kujisifu. Ningekuwa mtu wa kujisifu ningewaambia kuwa ripoti zangu tatu kuhusu programu hii zimetajwa kuwa za mfano, tena kwa barua, barua niliyoiandika mwenyewe kwa kuwa mhusika alikuwa likizo. Sasa tuitikiane. Uzamili! (Watu wanne: "Kwanza!") Udaktari! (Wawili: "Baadaye!") Cheti! (Mama: "Leo!")

Basi, shukrani. Namshukuru fundi wetu wa rangi, ambaye miaka mitatu iliyopita, akijaribu kama rangi mpya inakauka upesi, aliandika kwenye kibao maneno ya kwanza yaliyomjia, "Uzamili wa Falsafa", akakisahau mlangoni mwa stoo. Namshukuru dada wa mapokezi, aliyezigonga mhuri fomu za vijana hawa kwa kuwa kibao kilikuwepo. Namshukuru mzee wetu, aliyeingia kufundisha kwa kuwa vijana walikuwepo. Nami najishukuru, niliyeandika ripoti kwa kuwa mzee alikuwepo. Jana mamlaka ya vyuo imetuarifu kwamba haijawahi kuisajili programu hii, na tulipopekua makabati yetu yote tulijiridhisha kuwa kweli hatujawahi kuiombea kibali. Kwa hiyo nawashukuru wahitimu wote wanane kwa kuisoma mpaka mwisho, na nawaalika kuomba nafasi ya mwaka wa kwanza mara itakapoanzishwa.

(Binti, bado amesimama, machozi yanamlengalenga: "Miaka mitatu, Mkurugenzi! Sasa mimi nilikuwa nasoma nini?")

Naam. Hilo, mwanangu, ni swali la kiwango cha udaktari kabisa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.