Mwizi wa Mikono ya Pundamilia

Leo nimeadhirika. Si mbele ya mtu mmoja wala wawili. Mbele ya kijiji kizima, mbwa wao, na ndama mmoja ambaye nahisi naye alikuwa ananicheka.

Nimefika nyumbani Kahama sasa hivi. Nimeoga, nimekaa kitandani, naandika haraka kabla mtu mwingine hajawasimulia kwa namna yake. (Picha zipo. Nitafika huko.)

Mnajua kwamba tangu nihitimu shahada yangu ya ununuzi na ugavi, hakuna aliyeniomba ninunue wala nigawe chochote. Basi nikajiunga na vijana wanaojitolea kung'oa gugu karoti kwenye ngitili ya kijiji kimoja, njia ya kwenda Ushirombo. Ngitili ni ule msitu ambao wanakijiji wameufunga wenyewe. Ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikaze, ili nyasi zibaki na miti ipumzike. Sasa gugu karoti limeingia bila kuomba ruhusa. Kwa sura ni zuri, lina maua meupe madogo, unaweza hata kulipeleka kanisani. Lakini linaua nyasi, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na likishamwaga mbegu, msimu ujao ngitili yote ni mali yake.

Na maua yameshafunguka. Limebaki bonde moja kubwa, na sisi tumebaki wawili. Wengine wote wamepata udhuru. Ikifika wiki ijayo bila bonde kusafishwa, kazi yetu yote tangu mvua zianze ni bure.

Asubuhi tulipokelewa na Mama Shija, mwenyekiti wa kamati ya ngitili. Mama mnene, mchangamfu, anayetembea taratibu kama mtu anayejua hata akichelewa watamsubiri.

"Shikamoo Mama Shija."

"Marahaba wanangu. Mwangaluka, mmeamkaje? Mko wawili tu?"

"Wawili tu, mama."

"Haya. Na mimi nimetangaza kijijini, nimepita nyumba kwa nyumba. Huyu ana harusi, huyu mgongo, huyu anasubiri fundi wa bati. Ngoja nirudi nikajaribu tena."

Akaondoka. Tukagawana bonde. Mwenzangu Jofrey akachukua upande wa chini, mimi upande wa juu kwenye vichuguu. Jofrey ni wa Geita, alikuwa mchimbaji kabla ya kugundua kwamba anaogopa kuingia shimoni. Haelewi Kisukuma hata cha salamu.

Sasa tatizo langu. Jana nilisoma kuhusu gugu karoti. Nilisoma kwamba linaweza kuwasha ngozi. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akavaa glavu. Mimi nikaendelea. Nikasoma kuhusu macho. Nikasoma kuhusu pumu. (Sina pumu. Lakini je, kama ninayo na haijajitambulisha?) Kwa hiyo leo nilibeba begi, na Mama Shija alipopotea njiani, nikaanza kuvaa.

Koti la mvua la mjomba, linafika kwenye vifundo vya miguu. Gambuti. Glavu za mpira, na kwa kuwa ziliishia kwenye vifundo vya mikono, juu yake nikavuta soksi za mpira wa miguu za kaka yangu, nyeusi na nyeupe, mpaka juu ya viwiko. Barakoa mbili. Kilemba kichwani na shingoni. Halafu miwani ya kuchomelea ya mjomba, ile nyeusi ya duara, ambayo hajui kama nimeichukua.

Jofrey alinitazama kwa muda mrefu.

"Kabula. Unakwenda kung'oa majani au unakwenda mwezini?"

"Cheka tu. Ukianza kujikuna usiniite."

Akaenda zake anacheka. Mimi nikainama kazini.

Jamani, joto! Ndani ya lile koti nilikuwa napikwa. Miwani ikajaa mvuke, nikawa nang'oa kwa kupapasa. Barakoa mbili zikanifanya nipumue kwa sauti, hhhooo, hhhaaa, kama mtu anayepuliza mkaa. Lakini kiroba kilijaa, nikajaza kingine, nikakiburuta. Mgongo ukakaza. Nikasimama, nikanyoosha mikono yote miwili juu, nikaguna kwa nguvu.

Hapo hapo nikasikia yowe.

Si yowe la kawaida. Ule mwano wa Wasukuma, ule mlio mrefu unaopandishwa na kushushwa, ambao mtu akiupiga kila anayeusikia lazima atoke na silaha aliyonayo akaitikie. Ukaitikiwa upande wa pili wa kilima. Ukaitikiwa na kwingine. Dakika chache tu, bonde lote likawa linalia.

Nikawaza: fisi! Nikawaza tena: chui! Nikawaza: kama ni chui, mimi ndiye mwenye harufu ya kupikwa. Nikavua kila kitu isipokuwa gambuti. Nikalikunja lile koti pamoja na vikorombwezo vyake, nikavificha chini ya kichaka (mjomba hasamehi mtu akipoteza miwani yake), nikakimbilia njiani.

Njiani nikakutana na kijiji.

Wote. Wenye mgongo, wenye harusi, na yule wa bati naye. Wanaume na rungu, pinde na majembe, akina mama na michi ya kutwangia, babu mmoja na mwamvuli. Mbele yao Mzee Luhende, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa ulinzi wa kijiji, ameshika fimbo nyeusi. Mimi nimekulia mjini, lakini bibi yangu alinifundisha jambo moja: mwano ukipigwa na wewe ukabaki umesimama unatazama, kesho utaulizwa ulikuwa upande wa nani. Nikaokota fimbo. Nikajiunga.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Mwizi. Amechukua ndama wa Bibi Holo."

Bibi Holo mwenyewe alikuwa katikati ya kundi, akina mama wawili wamemshika mikono.

"Nilikwenda kumtafuta ndama wangu," akasema. "Nikaliona. Jitu! Halina uso. Macho meusi, maduara, kama masufuria. Na mikono, mayu, mikono ina mistari kama pundamilia! Limemtia ndama wangu kwenye kiroba, linakiburuta. Halafu likanyanyua mikono juu, likanguruma!"

Watu wakaguna. Mimi nikaguna kuliko wote.

Naomba mnielewe. Mimi ndiye mtu ninayewaza kila kitu. Nikituma ujumbe usijibiwe, nimeshajua tumegombana kuhusu nini. Lakini pale, mbele ya ushahidi ule wote, hakuna kilichonijia. Nilimwona huyo mwizi kabisa akilini: mrefu, wa kutisha, ametoka mbali. Na kama haitoshi, nikafungua mdomo.

"Kweli mzee! Hata mimi nilikuwa kule juu, nimesikia kitu kinapumua vibaya sana. Kipo karibu kabisa. Kama kipo sikioni!"

"Upande gani?"

Nikanyoosha fimbo kwenye vichuguu. Upande niliokuwa nimetoka. "Kule!"

"Twendeni!" akasema Mzee Luhende. Na mimi, jamani, nikatangulia mbele. Nakimbia, nimeinua fimbo, naimba mwano wao ninavyoujua. Mama mmoja akanipiga begani: "Huyu binti ana moyo!" Nikajisikia vizuri sana. (Hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi.)

Tukafika juu. Na kule chini bondeni, tukaona mtu anakimbia. Gambuti miguuni. Kiroba begani.

"Yuleeee!"

Hata sikupata muda wa kutazama vizuri. Vijana wakashuka kama maji. Nilipofika na mimi, jamaa ameshakalishwa chini, mikono imefungwa kwa kamba nyuma, kijana mmoja anashika ukosi wa shati lake na mwingine ameinua rungu. Jofrey.

Jofrey wetu. Uso umekuwa wa majivu.

"Kwa nini ulikuwa unakimbia?" Mzee Luhende akamuuliza kwa Kisukuma.

Jofrey akanyamaza. Haelewi. Kundi likaona ni kiburi. Akaulizwa tena kwa Kiswahili.

"Nilisikia kelele, mzee!"

"Ukisikia kelele unakimbilia kelele ziliko. Wewe ulikuwa unakimbia kuziacha."

"Mzee, mimi natoka machimboni! Kule watu wakipiga kelele unakimbia kwanza, unauliza ukiwa mbali!"

Rungu likapanda juu kidogo. Wakamwaga kiroba: magugu. Hakuna ndama. Mtu mmoja akasema ndama ameshafichwa. Mwingine akasema apigwe kidogo, atakumbuka alipo. Hapo Jofrey akaniona nyuma ya mzee.

"Kabula! Waambie!"

"Namfahamu!" nikapiga kelele. "Huyu ni mwenzangu, tunang'oa magugu pamoja!"

Mzee Luhende akanigeukia polepole. "Sawa, binti. Bibi Holo ameona mtu mwenye kiroba. Huyu ana kiroba. Kama si yeye, basi niambie wewe: mikono ya pundamilia ni ya nani?"

Mnajua ile hali ya kufika stendi na kukumbuka umeacha jiko linawaka? Ilinijia hivyo, kuanzia miguuni. Soksi. Miwani. Kiroba ninachokiburuta. Kile kitu kilichokuwa kinapumua karibu na sikio langu kilikuwa pua yangu.

Nikaanza kuwaza. Nikisema, watanicheka mpaka nizeeke. Nikisema, huenda na mimi nikafungwa. Nikisema, kundi lenye hasira linaambiwa limekimbia kilima kizima kwa ajili ya soksi. Labda nisubiri ndama apatikane. Labda Mama Shija afike. Labda... Kisha nikamtazama Jofrey. Machozi yalikuwa yanamlenga na alikuwa hata hawezi kuyafuta, mikono iko nyuma. Kuwaza kukaisha. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu.

"Ni yangu," nikasema. "Mikono ile ni yangu."

Bibi Holo akanitazama toka juu hadi chini.

"Hapana. Lile lilikuwa jitu. Huyu ni kijiti."

"Bibi, ni mimi. Nilivaa."

"Anamtetea mchumba wake," akasema yule mama aliyenisifia moyo.

"Si mchumba wangu!" tukasema mimi na Jofrey kwa pamoja, na yeye alikuwa na kamba mikononi lakini akakana kwa nguvu kuliko mimi.

"Basi tuonyeshe," akasema Mzee Luhende.

Wakanisindikiza mpaka kichakani. Nikatoa mzigo wangu. Na hapo, ndugu zangu, mbele ya wazee, akina mama, sungusungu na mbwa, nikavaa. Kimoja kimoja. Koti. Glavu. Soksi ya kulia. Soksi ya kushoto, ambayo ilikataa kupita kwenye glavu, kijana mmoja mwenye upinde akanisaidia kuivuta. Barakoa ya kwanza. Hapo minong'ono. Barakoa ya pili. Mtu akacheka puani. Kilemba. Miwani. Nikainua kiroba.

"Nyanyua mikono kama alivyosema bibi," akaamuru mzee.

Nikanyanyua.

"Nguruma."

"Mzee, sikunguruma, nilikuwa nanyoosha mgo..."

"Nguruma, binti."

Nikanguruma.

"NDILO!" Bibi Holo akapiga kelele, akageuka, akakimbia tena! Ikabidi wamfuate kumrudisha. Na kijiji kikaanguka. Sitanii, watu walilala chini. Yule mwenye rungu alilishika tumbo kwa mikono miwili. Simu zikatoka. Jofrey alicheka bado amefungwa, akaomba afunguliwe ili acheke vizuri. Akafunguliwa, akapigwapiga mabega, akapewa maji. Na katikati ya yote hayo ndama akatokea nyuma ya kundi, peke yake, anatafuna, anashangaa watu wamejaa hivi kwa ajili ya nani.

Nikakaa chini. Jofrey mzima. Ndama mzima. Nililia kidogo ndani ya miwani, hakuna aliyeona.

Ndipo Mama Shija akafika, anahema, ameshika kiuno. Akaambiwa kisa. Akanitazama, akawatazama watu wake.

"Nimewaita kung'oa magugu, mna mgongo, mna bati. Ndama wa Holo amewatoa wote?"

Mzee Luhende akajikuna kidevu.

"Mwano umepigwa na watu wamekusanyika," akasema. "Hatuwezi kurudi mikono mitupu. Na mwizi kweli yumo humu ndani, ni huyu mwenye maua meupe. Shukeni."

Nao wakashuka! Wenye majembe wakalima, wengine wakang'oa. Mama Shija akasema hili gugu linawasha, jifunikeni. Wakajifunga kanga mikononi, vitambaa usoni, babu wa mwamvuli akavaa mfuko wa sukari kichwani. Jioni bonde lilikuwa safi, hakuna ua hata moja. Kazi ambayo sisi wawili tusingeimaliza hata tungelala humo. Bibi Holo akaja kwangu na kibuyu cha maziwa.

"Wabeja, asante mjukuu. Ila siku nyingine ukija, anza kwa kuimba, nijue ni mtu."

Bodaboda wetu alikuja kutuchukua kama tulivyopatana. Tulimwona juu ya kilima. Akasimama, akatazama bonde limejaa watu wasio na nyuso, wenye viroba, wote tunampungia mikono. Akageuza pikipiki. Mpaka sasa hapokei simu.

Picha zikiwafikia, msicheke. Zitazameni kimya kimya, na yeyote aliye karibu na mjomba wangu amzimie simu.